Volti Tisa

Habari za msiba zilinikuta Namswea, nimepiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya shule, nafunga betri za sola. Aliyepiga simu ni Agnes, binti wa Mama Edna, mtu ambaye maishani sikuwa nimezungumza naye hata mara tano. "Dada Editha," alisema, "mama ametutoka jana jioni. Tunazika Jumamosi. Nimekuta namba yako kwenye daftari lake, ameandika 'Fundi wangu', nikaona si vizuri usijue." Nikampa pole, nikauliza aliugua nini, nikaahidi kufika. Baada ya hapo nilibaki palepale sakafuni na spana mkononi mpaka mwalimu mkuu akaniuliza kama nimepigwa shoti. Nikamwambia nimefiwa. Akauliza ni nani wangu, na hapo nikashindwa. Ningesema ni mama aliyenipangisha chumba kwa muda usiotimia mwaka, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, angeshangaa machozi yanatoka wapi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha cheti kipya. Fundi Kanisius, ambaye alikuwa na chumba cha kutengeneza redio nyuma ya soko la Mbinga na ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo cha ufundi, alinituma niteremke ziwani nikafungue chumba kingine. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kushika mtandao juu ya kilima kimoja upande wa Liuli, na kila aliyepata simu alikuwa anaiangusha majini. Kijiji chenyewe sitakitaja. Ni kimoja kati ya vile vya ufukweni vyenye kanisa la matofali ya kuchoma, zahanati ya vyumba vinne, na mchanga unaoingia mpaka kwenye unga. Nilipanga kwa Mama Edna, nesi mkunga wa zahanati ile, mjane aliyebakiza muda mfupi astaafu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu vilivyotazama ua mmoja: cha kwanza chake, cha kati changu, cha mwisho cha Stela na mumewe Bosko, mvuvi. Kuta hazikufika kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu alimpa pole.

Tulikula pamoja sisi wanawake watatu, mchana, kivulini upande wa jikoni, ugali wa muhogo kwenye sinia moja na usipa, dagaa wa kule ziwani, waliokaangwa kwa nyanya. Siku ambayo Bosko alipata mbasa, Stela alimpika kwa mchuzi mwepesi na kunitazama nikihangaika na miiba. "Mmatengo wa milimani anakula samaki kama anasoma barua ya mahakama," alisema, na Mama Edna akacheka, lakini baada ya nukta moja, kama mtu aliyesubiri atafsiriwe. Nilikuwa nimeona kwamba alitutazama sana midomoni tukiongea, nikadhani ndiyo malezi yake. Kisha siku moja nilitoka chumbani nikamkuta ameketi amenipa mgongo, anachambua mchele. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti zaidi, kimya. Nikaanza kujiuliza nimemkosea nini. Stela akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Zunguka mbele yake ndiyo umsalimie." Nikazunguka. Mama Edna akainua uso ukiwa umejaa furaha. "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Kijiji kizima kilijua. Wilayani ndiko walikokuwa hawajui, na kijiji hakikuwa na haja ya kuwaambia, maana mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto waliokuwa wanakimbia pale ufukweni.

Kilichomwezesha kuendelea na kazi ni mashine ndogo waliyomwachia wageni wa kanisa, ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Ilikuwa na ukubwa wa redio ya mfukoni, waya wenye kichwa cha kupitisha juu ya tumbo, na spika. Haikuonyesha namba yoyote. Ilitoa sauti tu. Kile kipembe cha chuma ambacho wakunga wote huweka sikioni alikuwa amekifungia kabatini, kwa sababu hakikumwambia kitu tena. Mashine akiifungulia mpaka mwisho, alisikia. Shida ilikuwa betri. Ilitumia zile za mraba za volti tisa, ambazo ufukweni hakuna, na za Mbinga nyingi zilikuwa zimekwisha zikiwa bado dukani. Alinijia asubuhi moja, mashine ameifunga kwenye kanga. "Fundi," alisema, na hilo ndilo jina alilonipa tangu siku hiyo, "haya ndiyo masikio yangu. Zahanati ina betri ya sola ya kuwashia taa. Niunganishie huko, nisihangaike tena na vibetri." Akaniangalia midomoni kungoja jibu. Nikamwambia ni kazi ya siku moja.

Ilikuwa kweli kazi ya siku moja, na ndiyo maana hadi leo najua kila hatua yake. Betri ya sola huitwa ya volti kumi na mbili, lakini hilo ni jina tu. Jua likiwaka hupanda hadi kumi na nne, na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo hushuka hadi kumi na moja na chini yake. Mashine ilitaka tisa. Katikati yao lazima ukae kidhibiti volti, kile mafundi tunakiita regyuleta, ambacho kazi yake ni kupokea umeme unaopanda na kushuka na kutoa ulio sawa. Nilipanda gari la mizigo hadi Mbinga kumwona Fundi Kanisius. Nilimkuta anakula maharage na ugali juu ya meza ileile ya kazi, sahani katikati ya matumbo ya redio, akanikaribisha tukala kwanza. Aliposikia shida yangu alifungua kopo, akatoa kidhibiti cha miguu mitatu, akakiweka mbele yangu.

"Chukua hiki. Kinachemka, kinapoteza umeme, lakini kinanyamaza. Kitu cha kusikilizia kinataka kidhibiti kinachonyamaza."

"Hiki kinataka volti mbili za ziada juu ya tisa, Baba," nilimwambia. "Masika betri ikishuka chini ya kumi na moja, kitashindwa, na mama atabaki bila mashine."

"Basi kuna aina nyingine yenye miguu mitatu hivihivi, inayotosheka na ziada ndogo. Hapa hakuna. Nitaagiza Dar, ngoja wiki tatu."

"Wajawazito hawangoji wiki tatu."

Nilikuwa nimekwisha kuamua. Kwenye mkoba nilikuwa na bodi niliyoitoa kwenye chaji ya simu ya gari, kidhibiti cha aina ya kukatakata, ambacho hufungua na kufunga umeme mara maelfu kwa nukta moja. Hakichemki, hakipotezi, na kinavumilia betri iliyochoka. Nilibadilisha rezista moja, kipande cha kupangia volti, bodi ikatoa tisa kamili, nikampimia Fundi Kanisius mbele yake kwa mita. Nilitaka anisifu. Aliiangalia mita, akasema, "Sawa. Ila hii betri yangu imejaa. Ukifika kule, ijaribu na betri iliyochoka kabla hujamkabidhi mtu." Nikaitikia ndiyo Baba, nikatia mkobani na kile cha miguu mitatu kwa heshima yake, nikawahi gari. Nilipofika, jua lilikuwa linawaka wiki nzima na betri ya zahanati ilikuwa na volti kumi na tatu. Ili nipate betri iliyochoka ilinibidi nikeshe na taa zinawaka, au ningoje mvua. Sikufanya hata moja. Nilivuta waya mwembamba kutoka stoo ya dawa, ilikokaa betri, hadi chumba cha uzazi, nikafunga kila kitu ndani ya kibati safi, nikamkabidhi.

Stela alikuwa na mimba ya miezi saba, na Mama Edna alitaka mimi niwepo wa kwanza kusikia kazi yangu. Stela akalala kitandani, Mama Edna akapitisha kile kichwa chini ya kitovu, pakawa na mvumo wa upepo, kisha moyo ukaja. Ulikwenda mbio. Mtoto alipogeuka uliongeza kasi, alipotulia ukapungua. Stela aliziba uso kwa viganja viwili, mabega yakawa yanatikisika, sikujua anacheka au analia. Mama Edna hakumtazama mtu. Aliinamisha kichwa karibu na spika, macho ameyafumba, na midomo yake ikawa inahesabu.

Mvua zilianza baada ya wiki tano. Zilinyesha siku nne bila kupumzika, ziwa likawa na rangi ya chai ya maziwa, na Bosko akashinda ndani anashona nyavu. Jumatatu, wakati tunakula, Stela alisema kwamba tangu jana mtoto amekuwa mpole. Mama Edna aliacha tonge. "Mpole namna gani?" Akamwinua palepale, wakaenda zahanati chini ya mwavuli mmoja. Walirudi baada ya saa moja, na Stela alikuwa anatabasamu. Mama Edna alinieleza alivyofanya, kwa fahari ya kazi: alimshika Stela mapigo ya mkono huku akisikiliza mashine, ili asije akachanganya moyo wa mama na wa mtoto, na ule wa mashine ulikwenda mara mbili ya ule wa mkono. "Mia na arobaini, sawasawa kama saa," alisema. Akamwambia Stela anywe uji, alalie ubavu wa kushoto, na Jumatano arudi. Kwa siku mbili hizo nilimsikia Stela kupitia juu ya ukuta akizungumza na tumbo lake, akilieleza habari za mvua na za baba yake aliyekosa samaki.

Jumatano alfajiri uchungu ulimshika. Kabla ya saa nne mtoto alizaliwa, wa kiume, na alikuwa mfu. Sitaandika mengi juu yake. Ngozi yake ilikuwa imeanza kubanduka, na mkunga anajua maana ya hilo, na Mama Edna alijua. Alimwosha mwenyewe, akamfunga kitenge chake kipya, akamkabidhi kwa Bosko mlangoni. Bosko aliupokea mzigo ule, akamtazama Mama Edna usoni ili amsikie vizuri, akasema polepole, "Kiziwi hawezi kuwa mkunga, mama."

Wiki iliyofuata walikuja watu wawili wa afya kutoka wilayani, wenye adabu, waliovua viatu mlangoni. Mvua ilikuwa imepunguka, ikabaki manyunyu. Waliketi chumbani kwa Mama Edna, na mimi nilikuwa kitandani kwangu, ukuta mmoja katikati, nikisikia kila neno.

"Mama, mtoto alikuwa amefariki siku kadhaa. Ngozi umeiona."

"Nimeiona."

"Na kwenye daftari umeandika kwamba Jumatatu moyo ulisikika, unapiga vizuri."

"Ulipiga vizuri."

"Ulisikia nini, mama?"

Nikasikia kiti kikisogezwa na nyayo zikitembea, na yule wa pili akauliza kwa sauti ya kawaida, lakini kutoka upande mwingine wa chumba, upande wa mgongo wake, "Mama, una umri gani?" Pakawa kimya. Akauliza tena. Bado kimya. Nililiuma shuka. Yule wa kwanza akashusha pumzi, akasema, "Pole sana, mama," na hilo nadhani alilisema mbele yake, kwa sababu alilijibu. Alisema, "Basi labda ni masikio yangu."

Kesho yake nilikwenda zahanati, nikamwambia mhudumu nataka kukagua mashine. Nilipima betri nikakuta volti kumi na nusu. Nikakilaza kile kichwa juu ya meza, juu ya mbao tupu, nikawasha. Meza ikaanza kupiga moyo. Tup, tup, tup, haraka na sawasawa. Niliangalia saa yangu ya mkononi dakika nzima nikihesabu, na nilipofika mia na arobaini nilizima nikakaa chini. Fundi yeyote angeelewa. Betri imechoka, waya ni mwembamba na mrefu. Kidhibiti kikianza kazi kinavuta umeme kwa pupa, volti zinaanguka, kinazimika. Zinapanda, kinaanza tena. Kilikuwa kimeshikwa na kwikwi, na kila kwikwi ilitoka kwenye spika. Moyo wa mtoto hai hauendi sawasawa kama saa. Huongeza, hupunguza. Mama Edna angelijua hilo katika miaka yake ya masikio mazima. Siku ile alichosikia ni mapigo, na akashukuru.

Niling'oa kibati, nikafunga kidhibiti cha miguu mitatu cha Fundi Kanisius, ambacho kikishindwa hunyamaza tu, na kile changu nikakitupa chooni. Nikarudi nyumbani nikiwa na sentensi moja tu ya kusema. Mama Edna alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku. Wilaya ilikuwa imempa likizo ya mpaka kustaafu, na alikuwa anarudi kwao, vijiji vitatu kusini. Nilizunguka mbele yake. Kabla sijafungua kinywa akanishika mashavu. "Usilie, fundi wangu. Nilijua siku hii itakuja. Wewe uliniongezea muda." Nilimfikiria Bosko, wale watu wawili, na Stela ambaye tangu mazishi hakuwa ametoka chumbani. Nikamsaidia kufunga sanduku. Ndivyo nilivyofanya. Stela na Bosko walihama kabla ya mwezi kwisha, na mimi nikafunga chumba changu cha ufundi nikarudi milimani kabla mwaka haujatimia. Nimetengeneza mashine nyingi tangu hapo, za hospitali na za shule, na kila kidhibiti nakijaribu na betri iliyochoka, mara mbili, mara tatu, mpaka wateja wanachoka nami. Wananisifu kwamba ni mwangalifu. Sijawahi kumwambia yeyote uangalifu huo ulitoka wapi, na kama kuja kwa Stela zahanati ile Jumatatu kungeweza kumwokoa mtoto, au alikuwa amekwisha tangu Jumapili, sijui, wala hakuna aliyewahi kujua.

Siku hizi lami inateremka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay. Safari iliyokuwa ya siku nzima niliimaliza kabla chai ya asubuhi haijapoa tumboni, kisha bodaboda ikanifikisha msibani. Tulizika saa saba. Wakati wa chakula nilikuwa nimeketi peke yangu kwenye benchi la kanisa lililotolewa nje, na mwanamke mnene mwenye mvi akaja akaketi kando yangu na sahani yake. Nilimjua Stela kwa namna alivyonitazama nikila. Tulisalimiana, akanitajia watoto wake watatu, akaniambia Bosko hajambo. Kisha akasema amekuja kwa sababu ya akina mama wa kanisa, siyo kwa sababu ya marehemu, ambaye hakuwahi kusema naye tena tangu siku ile. Walikutana mnadani mara nyingi. Mama Edna alikuwa anasimama. Yeye alikuwa anapita.

"Kutosikia nilimsamehe," Stela alisema. "Kusema amesikia ndiko kulikonishinda. Lakini kuna siku nilimshukuru pia, kwa sababu hata mimi nilisikia. Zile siku mbili nililala na mtoto wangu."

Ningeweza kumwachia hizo siku mbili. Nililifikiria hilo, nalikiri. Zilikuwa zake, alikuwa ameishi nazo, na marehemu alikuwa chini ya udongo, hawezi tena kunufaika na neno. Lakini ningenyamaza, ningekuwa nimemzika Mama Edna mara ya pili, na safari hii mkono ungekuwa wangu peke yangu. Nikamwambia. Nilimweleza betri, mvua, waya, kwikwi, meza. Aliweka sahani chini.

"Kwa hiyo nilichosikia Jumatatu si mtoto."

"Si mtoto."

"Na yule wa kwanza, kipindi cha jua?"

"Yule alikuwa yeye. Alikuwa anaongeza na kupunguza. Kidhibiti hakiwezi."

"Na mama alijua?"

"Hakujua."

"Mpaka amekufa."

"Mpaka amekufa."

Hakunipiga, wala hakunitukana. Alinishika mkono kwenye kiwiko, kwa nguvu, akanipeleka kwa Agnes aliyekuwa anapokea wageni mlangoni, akasema, "Huyu ana neno la mama yako." Nikarudia yote. Agnes alinisikiliza akiwa amesimama, na nilipomaliza aliniambia kwamba tangu mama yake arudi kwao, wanawake walimgongea mlango na uchungu wao, na yeye aliwaambia kwa dirisha kwamba hafai, watafute mwingine, kisha akaingia chumbani akalia. "Ulikuwa unamletea maharage kila mwaka," Agnes alisema. "Alikuwa anatuambia, fundi wangu hanisahau." Akatazama uani. "Watu bado hawajatawanyika. Sema."

Nilisimama mbele ya watu waliokuwa wanakula, nikaanza kueleza habari za volti na kidhibiti, na sauti yangu ilikuwa nyembamba. Mzee mmoja wa kanisa akainua mkono, akasema kwa upole, "Binti, hatukuelewi. Tuambie kwa maneno yetu." Basi nikasema, "Mama Edna hakukosea. Alisikia kitu kilichokuwepo. Mashine ndiyo iliyodanganya, na aliyeitengeneza ni mimi. Nimelijua hilo kwa miaka yote hii."

Kijiko kimoja kiligonga sahani, kisha kikatulia. Stela alivua viatu mlangoni, akaingia chumbani walikoketi wafiwa kwenye mikeka, na wanawake wa ukoo wakasogea kumpa nafasi. Nikamsikia anaanza kulia, kwa sauti kubwa, akimwita Mama Edna mama. Mimi sikukaribishwa ndani. Nilichukua mkoba wangu na kwenda barabarani kungoja bodaboda.